Legeza Mguu

Trekta likilemewa, mguu wa dereva hushuka. Hakuna anayeuamuru. Plau inaingia kwenye ardhi ngumu, injini inabadili sauti, moshi unakuwa mzito, na kabla akili haijasema lolote unyayo umeshakandamiza mafuta. Aliyetufundisha hivyo ni injini yenyewe, kwa sababu kila tulipokanyaga ilitujibu. Mwili hauhitaji masomo mengi kuamini kwamba nguvu iko chini ya unyayo, na kwamba anayetaka zaidi sharti ashindilie.

Nimeifikiria sana imani hiyo tangu nianze kufanya kazi na trekta dogo lenye gia ya haidrostatiki, kwenye shamba la mboga kusini mwa Maine, Marekani. Matrekta ya namna hii yameenea mno huku: mashamba madogo, mazizi ya farasi, makaburi, viwanja vya shule. Injini ya dizeli ya nguvu za farasi 25 hivi, kijiko mbele, mikono mitatu ya kunyanyulia zana nyuma, na kiti kilicho karibu na ardhi kiasi kwamba unapanda kwa hatua moja. Kiangazi linakata nyasi na kubeba mboji. Theluji ikianguka, ndilo linalofungua njia. Halina pedali ya klachi. Mguu wa kushoto umebakiziwa breki peke yake. Mguu wa kulia umepewa mengine yote: kwenda, kurudi, kukimbia, kunyata, kusimama. Na mafuta hayako mguuni kabisa. Yako kwenye wenzo mdogo kando ya usukani, unaousogeza mpaka injini ifike kwenye mizunguko ya kazi, kisha unauacha hapo.

Yaani pedali iliyo mahali pale pale ambapo mguu umezoea kukuta mafuta haihusiki na mafuta. Inahusika na kitu kingine, na kukielewa kitu hicho kwa akili si kazi kubwa. Kukielewa kwa mguu ni habari nyingine.

Ndani ya trekta hili injini haikushikana na magurudumu kwa meno ya gia moja kwa moja. Inazungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta ya haidroli kwenye njia iliyofungwa, mafuta yanazungusha mota, mota inaendesha ekseli, na mafuta yanarudi kwenye pampu kuanza upya. Pampu yenyewe ni pipa dogo la chuma linalozunguka, lenye pistoni zilizopangwa duara, mara nyingi saba au tisa, na vichwa vya pistoni hizo vinateleza juu ya sahani. Sahani ikikaa bila mshazari, pistoni zinazunguka tu, haziingii wala hazitoki. Injini inanguruma na trekta limetulia. Ukigusa pedali, sahani inainama. Sasa kila pistoni katika mzunguko wake inalazimika kuingia na kutoka, na kila inapotoka na kuingia inasukuma kiasi chake cha mafuta. Sahani ikiinama zaidi, hatua ya pistoni inarefuka, mafuta yanaongezeka, mwendo unaongezeka. Ikiinama upande wa pili, mafuta yanageuza njia na trekta linarudi nyuma. Gia ya rivasi haipo. Mbele na nyuma ziko kwenye mstari mmoja, na kusimama ni nukta iliyo katikati yake.

Kwa hiyo mguu wa kulia umeshika urefu wa hatua. Nguvu ya injini ni ile ile iliyowekwa kwa mkono. Kinachobadilika ni jinsi nguvu hiyo inavyogawanywa kati ya mwendo na msukumo. Ukikanyaga zaidi, unaomba hatua ndefu, na hatua ndefu inakula sehemu kubwa zaidi. Mtu aliyebeba gunia begani akifika kwenye mwinuko hufupisha hatua, wala hakuna aliyemfundisha. Anayeng'ang'ania hatua zile zile za tambarare magoti humshinda katikati ya kilima. Ndivyo lilivyo trekta hili. Kijiko kikizama kwenye rundo la mboji na injini ikaanza kulemewa, linalotakiwa ni kulegeza mguu. Pistoni zinafupisha hatua, mafuta yanakuwa machache lakini yanasukumwa kwa shinikizo kubwa zaidi, injini inapata pumzi, rundo linasogea.

Mguu unapanda na nguvu inaongezeka. Nimeiandika sentensi hiyo kwa makusudi, kwa sababu nataka msomaji aliyewahi kuendesha chombo chochote aisikie inavyogoma ndani ya mwili wake.

Mimi nililelewa na gia. Kule Kiteto, Tanzania, ambako matrekta hulima kwa kukodishwa na bei huhesabiwa kwa ekari, dereva huheshimiwa kwa jinsi anavyochagua gia. Ukiwa na Massey Ferguson 290 una gia nane za mbele na mbili za nyuma, na uchaguzi unafanyika ukiwa umesimama: unautazama udongo, unakumbuka mvua ya wiki iliyopita, unaangalia diski zilivyochongoka, unapachika gia, unaachia klachi, kisha unaishi na uamuzi wako mpaka mwisho wa shamba. Ukikosea unasimama na kuchagua upya. Kuna heshima katika utaratibu huo. Dereva mzuri hukosea mara chache kwa sababu amefikiri kabla ya kuondoka, na akishaondoka anaweza kugeuka nyuma kwenye kiti, akaitazama plau yake na kuacha mguu upumzike.

Klachi nayo ilikuwa shule ya pekee. Massey Ferguson nyingi za kizazi kile zina klachi ya hatua mbili. Ukiibonyeza nusu, magurudumu yanaachana na injini lakini shafti ya nyuma inayozungusha zana, ile mafundi huiita PTO, inaendelea kuzunguka. Ukiishindilia mpaka chini, vyote viwili vinasimama. Dereva anayekata nyasi ndefu na mashine ya kuzunguka hujua kuisimamisha pedali pale katikati, akalizuia trekta huku visu vikimaliza kazi iliyowazidi, kisha akaachia taratibu. Mguu wa kushoto uliofika kiwango hicho una elimu ambayo haikuandikwa popote, na ninauheshimu. Kwenye trekta hili la Maine elimu hiyo yote haina pa kwenda. Shafti ya nyuma inataka mizunguko 540 kwa dakika, injini inaipa bila kukatiza, na mwendo wa magurudumu umekuwa jambo jingine kabisa, huru, lililo chini ya mguu wa kulia. Nyasi zikiwa nene unanyata. Zikiwa chache unakwenda. Visu havijui tofauti.

Huo ndio ubora wa kweli wa gia hii. Siku ya theluji unaingia na kutoka, unasukuma na kurudi, unageuza, unainua kijiko, unarudi tena, kwenye uwanja wenye magari, kona za nyumba, mti wa mtu na sanduku la barua. Kwa klachi na gia kazi hiyo ni kubonyeza na kupachika bila kikomo, na goti la kushoto hulipa usiku. Kwa haidrostatiki mikono inabaki na usukani na kijiko, na mguu mmoja unafanya mambo ambayo zamani yalihitaji miguu miwili na mkono.

Lakini uhuru huo unadai malipo, na malipo yenyewe ni umakini usiolala. Uamuzi niliokuwa naufanya mara moja mwanzoni mwa shamba, sasa naufanya kila dakika, kila mita, kwa unyayo. Bado kuna wenzo wa kuchagua gia nzito au nyepesi, na matrekta makubwa kidogo yana ya kati pia, na huo unachaguliwa ukiwa umesimama kama zamani. Ni uchaguzi wa maana kuliko unavyoonekana. Dereva mgeni hupenda gia nyepesi kwa sababu ya mbio, halafu anashangaa kijiko hakipenyi rundo. Magurudumu yanasimama, injini wala haizimi, na chini ya kiti kunatoka mlio mwembamba wa kukereka. Hapo shinikizo limefika kikomo, vali ya usalama imefunguka, na mafuta yanapita njia ya mkato yakigeuka kuwa joto tupu. Dawa ni kusimama na kwenda gia nzito. Kukanyaga zaidi kunaongeza joto tu.

Kuna sauti mbili, basi, za kutofautisha. Ya kwanza ni ya injini inayolemewa: mngurumo unashuka, unakuwa mzito, unakaribia kukatika. Hiyo inajibiwa kwa kulegeza mguu. Ya pili ni ule mlio mwembamba wa vali wakati injini bado ina nguvu zake. Hiyo inajibiwa kwa kubadili gia, au kwa kuchota kidogo zaidi. Katikati yake kuna uimbaji wa kawaida wa pampu ikifanya kazi, ambao mgeni hudhani ni ubovu. Na asubuhi za baridi kali, nyuzi zikiwa chini ya sifuri, mafuta huwa mazito na pampu hukoroma. Kitabu cha trekta hutaka injini iachwe ipate joto kwa dakika kadhaa kabla ya kazi, na baridi ikizidi muda nao unazidi. Wapo wanaokereka na kelele hizi zote. Mimi naziona kuwa ndiyo lugha pekee tuliyo nayo na chombo hiki. Kwenye gia za meno dereva anahisi mzigo kupitia klachi, kiti na usukani. Mafuta hunyamazisha sehemu kubwa ya mtetemo huo, hivyo kazi ya kuhisi inahamia sikioni. Mguu unajifunza kulisikiliza sikio, na ukishaunganishwa nalo huwezi tena kusema ni kipi kati ya viwili kinachoendesha.

Sasa nije kwenye hofu, ambayo naona inazungumzwa kidogo kuliko inavyostahili.

Mwili wa dereva hukanyaga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutaka nguvu. Ya pili ni kutaka kusimama. Dereva wa gia akishtuka, miguu yote miwili hushuka kwa pamoja, klachi na breki, na trekta linasimama. Mshtuko na kukanyaga vimefungwa pamoja ndani yetu tangu siku ya kwanza ya kujifunza gari. Kwenye pedali ya haidrostatiki, kusimama ni kuinua mguu. Pedali inarudi yenyewe, sahani inarudi, mafuta yanagoma kupita, na mafuta yaliyogoma kupita yanayazuia magurudumu. Trekta haliserereki kama gari lililoachiwa, linasimama. Breki ipo kwa dharura na kwa kuegesha. Lakini mguu ulioshtuka hautaki kuinuka. Unataka kukanyaga. Ukikanyaga, trekta linaongeza mwendo kuelekea kile kile kilichokushtua.

Kwa hiyo katika shida zote mbili, ya mzigo na ya woga, chombo hiki kinaomba jambo moja ambalo ni kinyume cha silika. Ndiyo maana naona kulizoea trekta la haidrostatiki ni kazi nzito kuliko wauzaji wanavyosema. Wao husema mtoto anaweza kuliendesha, na kwenye uwanja tambarare bila zana pengine ni kweli. Anayesema hivyo anapima urahisi wa kuondoka. Mimi napima kile ambacho mguu hufanya siku kijiko kimejaa, ardhi inateremka na mtu ametokea nyuma ya ghala.

Umbo la pedali lina neno hapa pia. Kampuni ya Kubota imeshikamana sana na pedali moja ndefu inayobembea: vidole vikibonyeza trekta linakwenda mbele, kisigino kikibonyeza linarudi nyuma. John Deere huweka pedali mbili pembeni kwa pembeni, moja ya mbele na moja ya nyuma, na mguu unahama kutoka moja kwenda nyingine. Watu wanabishana juu ya hili kwa bidii kubwa. Pedali ya kubembea ni nyepesi kwa kazi ya kijiko, kwa kuwa unyayo hauachi mahali pake, ila dereva mwenye buti kubwa la majira ya baridi hupata tabu ya kisigino, na kwenye ardhi yenye matuta mwili unarushwa, kisigino kinagusa, trekta linashtuka, mwili unarushwa tena. Pedali mbili zinaomba mguu uondoke kwanza kabla ya kugeuza mwelekeo, na muda huo mdogo wa kuondoka ndio ninaoupenda. Mguu unalazimika kupita kwenye kusimama. Kwa anayeanza, hasa aliyetoka kwenye gia, ningechagua mbili.

Kuinua mguu nako kuna ufundi wake. Ukiinua ghafla ukiwa kwenye gia nyepesi, trekta linajizuia kwa nguvu, mboji inamwagika kutoka kwenye kijiko, na wewe mwenyewe unasukumwa kwenye usukani. Kwenye mteremko mzigo ukiwa mbele, kusimama kwa ghafla kunaweza kuyainua magurudumu ya nyuma, na kwenye matrekta mengi madogo breki ziko kwenye magurudumu hayo ya nyuma. Mteremko unataka gia nzito iliyochaguliwa kabla hujaanza kushuka, mkanda ukiwa umefungwa na nguzo ya kumkinga dereva ikiwa imesimama. Na kamwe wenzo wa gia usiutoe ukiwa mteremkoni, kwa sababu hapo umeachana na mafuta yaliyokuwa yanakuzuia. Mguu mzuri basi ni ule unaoinuka mapema na polepole. Unaanza kusimama wakati wengine bado wanakwenda.

Kwenye shamba letu yuko mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, ambaye hakuwahi kuendesha chombo chochote kabla ya kuja huku. Alipokabidhiwa trekta, wengi tulidhani atachelewa. Hakuchelewa. Nilikaa kando nikimwangalia akichota mboji, na kila injini iliposhusha sauti, goti lake lilipanda kidogo, kama jambo la kawaida. Nikamuuliza, "Mama, nani alikwambia?" Akanijibu, "Papa, ikianza kulia ninaiachia." Hakuwa na kitu cha kusahau. Alikisikia chombo kikilemewa akakipunguzia, kama ambavyo angempunguzia mzigo yeyote aliyelemewa. Sisi tuliotoka kwenye gia tulikuwa na mazoea ya kuyavunja kwanza, na mazoea ya mguu hayavunjwi kwa hoja. Yanavunjwa kwa kurudia, kwenye rundo lile lile, mpaka siku moja unagundua kwamba ulilegeza bila kukumbuka kulegeza.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko trekta hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wawili, Williams na Janney, walibuni gia ya mafuta yenye sahani ya mshazari, na manowari zikaitumia kuzungushia mizinga, kwa kuwa mzinga mzito unatakiwa kugeuka kidogo kidogo bila kuruka. Shambani lilichelewa. Mwaka 1954 Taasisi ya Taifa ya Uhandisi wa Kilimo ya Uingereza, iliyokuwa Silsoe, ilionyesha trekta la majaribio la haidrostatiki. Mwaka 1967 kampuni ya International Harvester ikaingiza sokoni Marekani trekta la 656 lenye gia hiyo. Hilo la 656 lilitawaliwa kwa wenzo wa mkono. Mashine za kuvunia nazo zimebaki na mkono mpaka leo: madereva wanaovuna ngano Narok na Uasin Gishu, na wanaovuna mpunga Mwea na Mbarali, wengi wanaijua haidrostatiki kwa kiganja. Kiganja kina bahati. Hakikuzoea kusukuma mafuta wala kukanyaga breki, hivyo hakina ubishi.

Kwenye matrekta makubwa ya kulimia gia hii haikushika, na sababu yake ni ya haki. Mafuta yanayosukumwa yanapata joto, na joto hilo ni dizeli iliyolipiwa. Trekta lile lile, injini ile ile, likitolewa kwa gia za meno na kwa haidrostatiki, karatasi ya kiwanda huonyesha la haidrostatiki likifikisha nguvu pungufu kidogo kwenye shafti ya nyuma. Kwa mtu anayelima ekari nyingi kutwa, katika mwendo mmoja usiobadilika, upungufu huo ni hasara, na hatua inayoweza kubadilishwa kila mara haina faida kwake. Ndiyo maana Wajerumani wa Fendt, mwaka 1995, walikuja na Vario, ambayo inagawa nguvu, sehemu ipite kwenye mafuta na sehemu kwenye meno. Kule Kiteto, kwenye mbuga ile pana, ningeendelea na Massey Ferguson bila kusita. Ardhi ndefu inamstahili dereva anayeamua mara moja.

Siku hizi matrekta madogo ya bei ya juu yanaanza kulegeza mguu kwa niaba ya dereva. John Deere wana mfumo waliouita LoadMatch, Kubota wana Stall Guard: injini ikishuka, kompyuta inapunguza mshazari wa sahani yenyewe, hata kama mguu bado umekandamiza. Naelewa kwa nini watu wanaununua. Unaokoa injini, unaokoa muda, na kwa shamba linaloajiri vibarua wapya kila msimu unaokoa mengi. Hata hivyo nina wasiwasi nao. Mguu uliokandamiza huku kompyuta ikilegeza hautajifunza chochote kuhusu mzigo, na mguu huo huo ndio utakaotakiwa kuinuka wakati wa hofu, ambapo mfumo ule hauna habari. Mzigo ni mwalimu mpole. Unampa mtu nafasi ya kuzoea kuinua goti mahali ambapo kosa linagharimu injini kuzima tu. Ukimwondolea nafasi hiyo, umembakiza na mwalimu wa pili, ambaye si mpole.

Anayekuja kujifunza sasa simwelezi sahani wala pistoni siku ya kwanza. Namwonyesha mafuta ya pampu yanapokaguliwa, na namwambia kichujio chake kwenye trekta jipya hubadilishwa mapema, mengi yakiwa saa 50 za kwanza, kwa sababu chembe ya uchafu ikipita kati ya pistoni na ukuta wake inachimba njia isiyozibika. Namfunga mkanda. Tunaweka gia nzito, injini kwenye mizunguko ya kazi, uwanja mtupu, bila zana. Namwomba aende mpaka kwenye mti niliouchomeka na asimame kabla ya kuugusa, kisha arudi, kisha aende tena, bila kugusa breki. Akishaweza kusimama kwa kuinua tu, tunakwenda kwenye mboji.

Hapo nasimama pembeni anaponiona na nanyamaza. Asukume mpaka injini ilalamike. Wengi hukandamiza, na trekta lenyewe linawaambia. Wengine huruka kutoka kwenye kiti kwa wasiwasi, na swichi iliyo chini ya kiti inazima injini. Tunawasha tena, tunarudia. Sisemi "legeza" mpaka nione kwamba sikio limeshasikia na mguu tu ndio umebaki nyuma, kwa sababu ukimwambia mapema atajifunza kunisikiliza mimi, na mimi sitakuwapo siku ya theluji saa kumi na moja alfajiri. Ninachotazama ni goti. Likipanda bila mtu kusema, tunahamia kwenye somo la mwisho, ambalo ni la mguu wa kushoto: kijiko chini, breki mpaka mwisho, ifungwe, ndipo ufunguo uzimwe. Mafuta yakiacha kusukumwa hayashiki kitu kwa muda mrefu; yanapenya taratibu kati ya pistoni na kuta zake, na trekta lililoachwa kwenye mteremko bila breki litatambaa lenyewe.